Picha Isiyo na Kanga

Jumatatu, 5 Mei 1975
Wagonjwa wengi tangu asubuhi. Malaria, vidonda, macho. Mvua imepungua, barabara ya Mikumi inapitika, na kila aliyekuwa akijiuguza nyumbani ameona leo ndiyo siku yake. Sabuni ya zahanati imekwisha. Nimewaandikia Kilosa tena.

Kadi za maumivu nimejaza tatu. Kazi ni ile ile. Mgonjwa anatia alama kwenye picha ya mtu, mbele au nyuma, pale panapomuuma. Kisha mimi nabonyeza msuli kutafuta fundo. Mwalimu wetu chuoni aligusia jambo hili siku moja tu, akaliacha: kwamba msuli ukijifunga fundo mahali pamoja, maumivu yanaweza kujitokeza mahali pengine kabisa. Tangu Januari nalifuatilia peke yangu. Picha nimeichora mwenyewe. Nzuri, hata kama najisifu.

Wanaume wanatia alama kila mahali: shingo, mgongo, kiuno, makalio. Wanawake ni viganja, nyayo na kichwa basi. Mgongoni hata mmoja. Ajabu, kwa watu wanaolima na kubeba maji. Nimeliweka kwenye ripoti kama uvumbuzi.

Alhamisi, 8 Mei
Bi Tatu, mjane wa upande wa mashamba ya mpunga. Mkono wa kulia. Ametia alama kiganjani. Anasema jembe linamponyoka, na kwenye kisomo cha watu wazima hawezi hata kushika penseli. Nimebonyeza kiganja, vidole, mpaka kiwiko. Hakuna uvimbe. Hakuna fundo.

Anataka karatasi ya kupeleka kwa kamati ya kijiji. Kamati imetangaza: asiyefika shamba la kijiji bila karatasi ya zahanati atakosa mgao wa mahindi. Tangu tangazo hilo kijiji kizima kinaumwa kiuno. Nimechoka kugeuzwa kichaka cha wategeaji.

Nimeandika: Hana ugonjwa. Sahihi, muhuri. Sikumwambia nilichoandika, naye hakuuliza. Aliifunga kwenye pindo la kanga, akashukuru, akaenda zake.

Jumapili, 11 Mei
Mkutano wa kijiji. Katibu alisoma majina ya watoro wa shamba. Alipofika kwa Bi Tatu, mwenyewe alisimama, akafungua pindo, akampa karatasi kwa mikono miwili. Alidhani ni ruhusa. Katibu akaisoma kwa sauti. Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Akamrudishia karatasi yake.

Jina limebaki kwenye orodha. Mwisho wa mwezi mahindi yanagawiwa, yeye hatapata. Ana watoto wanne.

Mimi nilikuwa nimepewa kiti mbele. Nilitazama viatu vyangu. Sikuandika uongo, nilijiambia.

Jumatatu, 12 Mei
Ripoti imekwenda Kilosa na basi la asubuhi. Juu ya bahasha nimeandika: Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, mkononi mwake.

Jumatano, 14 Mei
Nilimwamkia Bi Mwanahamisi, mkunga wetu, shikamoo, kama kila siku. Hakuitika. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Akaendelea kuchemsha sindano. Ana umri wa mama yangu na hajawahi kuninyima marahaba.

Mchana alikuja na kadi moja, akaiweka juu ya meza yangu.

"Huyu mtu wako yuko uchi," alisema.

Nikamweleza kwamba ni picha ya kitabibu. Akasema anajua ni ya nini, yeye si mtoto. Lakini mimi kijana wa kiume namkalisha mama wa watu, nampa penseli, namwambia aoneshe anapoumwa kwenye mwili wa mtu aliye uchi. Atagusa wapi? Atagusa kiganja. Kiganja hata sokoni kinaonekana. Akaniuliza kama niliwahi kumpima Bi Tatu mgongoni. Nikasema hakutia alama huko. Akaondoka.

Nilimkasirikia muda mrefu. Kisha nikazitoa kadi zote za wanawake nikazipanga mezani. Viganja, nyayo, vichwa. Miezi minne nimekusanya haya za watu nikaziita uvumbuzi. Mjinga mimi.

Alhamisi, 15 Mei
Nimechora picha mpya, mtu amevaa kanga. Mikunjo imenishinda, anafanana na gunia la pamba. Bi Mwanahamisi ndiye anayekaa na wanawake nyuma ya pazia na penseli. Mimi nakaa nje na kuandika. Kufikia saa sita kadi tano zimetoka. Zote zina alama mgongoni.

Jumamosi, 17 Mei
Bi Tatu alikataa kuja. Mkunga alimfuata nyumbani mara mbili. Leo wamekuja pamoja, Bi Tatu hakunitazama. Sikustahili kutazamwa.

Wakaingia nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa naelekeza kwa mdomo: shingo kwanza, kisha juu ya bega, kisha kwenye kombe la bega, chini ya ule mfupa uliojitokeza kama ukingo. Mkunga akasema hapa pana kitu, kama kokwa la ubuyu linateleza chini ya kidole.

Nikasikia sauti ya Bi Tatu: "Mbona umebonyeza mgongo, kimeniuma kiganja?"

Nilisimama. Nikakaa tena. Nikamwomba Bi Mwanahamisi abonyeze upya, na jibu likawa lile lile: kutoka begani, mbele ya mkono, mpaka upande wa kidole gumba. Kama tulivyoambiwa chuoni siku ile moja.

Nikauliza tangu mpunga uanze kukomaa anafanya kazi gani. Kuamia ndege wasile mpunga, alisema. Alfajiri mpaka jioni anarusha mawe kwa kombeo, peke yake, mkono huo huo. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mimi ndiye niliyepaswa.

Kuchoma sindano ilikuwa shida nyingine. Mkunga alikata tundu kwenye shuka kuukuu, upana wa kiberiti, akamfunika. Nikaona ngozi ya upana wa kiberiti na si zaidi. Dawa ya ganzi kidogo, ndani ya fundo. Msuli ulishtuka mara moja, kisha ukalegea. Baada ya hapo kitambaa cha maji ya moto, na kunyoosha mkono kila asubuhi. Kombeo aliache, au arushe kwa kushoto.

Jumatatu, 19 Mei
Ameinua mkono mpaka kichwani. Nimepeleka barua kwa Mwenyekiti wa kijiji kuifuta karatasi ya kwanza. Ameirudisha. Anasema ile ilisomwa mbele ya watu, basi na hii nikaiseme mwenyewe mbele ya watu. Ana haki. Sitaki.

Jumapili, 25 Mei
Nilisimama mkutanoni. Nilisema Bi Tatu alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Katibu akauliza washike karatasi ipi ya Mganga, ya mwanzo au ya leo, maana muhuri ni mmoja. Swali zuri. Nilichukia.

"Ya kwanza niliiandika bila kumpima," nikasema.

Walicheka. Safari hii walinicheka mimi. Jina limefutwa, mgao atapata. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumanne, 27 Mei
Shikamoo yangu imeitikiwa jana na leo.

Nimekwenda Kilosa kuomba nirudishiwe ripoti. Karani aliichomoa chini ya rundo, bahasha haijafunguliwa. Nilishukuru Mungu. Ndani ya basi nikaona uchungu kidogo, kwamba hakuna hata mmoja aliyetaka kuisoma.

Alhamisi, 12 Juni
Wagonjwa wachache. Mpunga umevunwa. Kadi mbili tu, zote za kanga.

Bi Tatu alipita akitoka kisomo. Kwenye bega la kulia pamebaki kauchovu, anasema, lakini jembe halimponyoki tena. Kesho anarudi shamba la kijiji, na katibu anataka karatasi kwamba amepona. Nikavuta kitabu cha karatasi. Akasema nisijisumbue. Akafungua pindo la kanga, akatoa ile ya mwezi wa tano, imekunjika, imeingia jasho. Akaisoma mbele yangu, silabi kwa silabi: ha-na u-go-njwa.

"Hii inatosha, Mganga. Badili tarehe tu."

Nikampa kalamu. Aliandika tarehe mwenyewe, kwa mkono wa kulia, polepole. Nilitia muhuri.