Jina Tulilomwita Babu

Karatu, Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta unatembea bila fimbo na goti limekuachia. Mimi mwili hauna neno, ila baridi ya Ngorongoro inanifika mpaka kwenye meno, na sabuni huku tunaisikia kwenye hadithi tu. Hayo tuyaache, maana najua unachosubiri ni habari ya mtoto wa Salome.

Ulipoandika kwamba dada Salome hapati usingizi tangu ajifungue, kwamba mtoto analia na ziwa analisusa, nilikosa hamu ya kula. Mmemwita majina ya marehemu wote wa ukoo asinyamaze. Mwisho mkampa jina la Babu Mzungu, Tomasi, na hapo ndipo kilio kikazidi na kifua kikaanza kumkoroma. Ukaongeza kwamba lile jina la mwanamume aliloliita Bibi akikata roho hamtalijaribu kamwe. Ukaniagiza niende kaburini kwa Babu, huku Oldeani, nimwombe amwachie kitukuu wake. Nilikwenda, Mama. Sikukuandikia mapema kwa sababu niliogopa.

Kaburi liko juu kabisa ya lile shamba alikokuwa fundi mitambo, alikompata Bibi, binti wa wachuma kahawa kutoka kwetu Singida. Ni pale kahawa inapoishia na msitu wa kreta unapoanza. Msalaba ni wa saruji, na jina limechorwa kwa msumari: Thomas Rees. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulishuka mpaka nikawa sioni viatu vyangu. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia, Mnyaturu mwenzetu aliyeolewa Ganako, aliponiona navua kofia alisimamisha jembe.

"Kaka, hapo hatuitagi jina," akasema. "Ukiita, anakujaga mwingine."

Nilimcheka, unanijua nilivyo nikishajiona msomi. Nikapiga goti nikaita, "Babu Tomasi, ni mimi Yohana, mtoto wa binti yako." Nilipoita tena, mtu alikohoa nyuma yangu, kikohozi cha kifua kilichojaa vumbi. Nikageuka. Katikati ya mistari ya kahawa alisimama kijana mfupi, uso umepakaa masizi, macho tu ndiyo meupe. Nilidhani ni mchoma mkaa anayejiiba kutoka msituni, nikamsalimu. Alinitazama kama mtu aliyeitwa na asiyemjua. Ukungu ukapita, pakabaki kahawa peke yake. Ardhi ilikuwa tope tupu la mvua, na nyayo zilizokuwepo zilikuwa zangu.

Tangu siku hiyo, nikiendesha Landrova ya hoteli peke yangu, nasikia kikohozi kiti cha nyuma. Fundi amebadilisha plagi na kusafisha kabureta. Nimejilazimisha kuamini kwamba ni injini.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita alikuja mgeni, bibi wa Kizungu mwenye mvi tupu, anaitwa Megan. Nilimwita Mwingereza akanisahihisha kwa ukali. Yeye anatoka Welisi, nchi ya milima na machimbo ya makaa ya mawe, ubavuni mwa Uingereza. Wenzake walitaka kuona faru, yeye akauliza makaburi ya wakulima wa zamani yako wapi. Alipotaja Rees nilikanyaga breki katikati ya barabara. Alinitazama masikio, haya haya uliyokuwa unanitania kwamba ni ya popo, akaanza kulia. Mama, ni binti wa dada yake Babu. Una binti wa shangazi yako, na anacheka kama wewe.

Alitandaza karatasi zake juu ya boneti. Amemtafuta mjomba wake miaka na miaka. Kwao kijiji kizima wanachangia majina machache, kwa hiyo amesoma vyeti vya ndoa vya kina Rees wasiomhusu mpaka amewazoea kama majirani. Akanionyesha cheti cha ndoa cha wazazi wa Babu, vya kuzaliwa vya watoto, na nakala ya sensa ya zamani: baba mchimba makaa, mama, wavulana wawili na binti mchanga, ambaye ndiye mama yake Megan.

"Huyu ndiye Thomas," akasema. "Mgodi ulimwangukia akiwa kijana. Kaburi lake liko kwetu, mimi mwenyewe hulipelekea maua."

Nikamwambia kaburi la Tomasi liko pale juu, nimelipigia goti.

"Najua," akasema. "Bibi yangu, mama yake Thomas, akiwa kikongwe aliletewa barua na mwenye shamba huku, kwamba Thomas amefariki. Akaichoma. Alisema mtoto wake hafi mara mbili."

Aliyekosekana katika karatasi zote, asiye na ndoa wala kifo, ni mdogo wake Thomas. Alikuwa mdogo mno kuajiriwa melini, akatoroka nyumbani na cheti cha kuzaliwa cha kaka yake marehemu. Akazunguka dunia kwa jina la maiti mpaka akafika Tanganyika, akazikwa nalo.

"Na huyo mdogo aliitwa nani?"

"Idris."

Idrisi, Mama. Ndilo jina lile. Ndilo Bibi aliloliita siku nzima akikata roho, ukadhani ni mwanamume mwingine, ukatukataza tusilitaje, na msibani hukumtolea chozi. Nilikulaumu kimoyomoyo siku ile, na leo nakuonea huruma. Bibi alikuwa anamwita mumewe. Katika watu wote wa huku, yeye peke yake ndiye aliyeambiwa jina lake la kweli.

Tulipanda kaburini mimi na Megan. Ukungu ulikuwa ule ule. Aliweka kiganja juu ya saruji akasema, "Idris," taratibu, na hakuna aliyekohoa. Kisha akageukia kwenye kahawa, akasema maneno kwa lugha yao. Nilimuuliza amesema nini. Akajibu, "Nimemwambia Thomas arudi nyumbani, mama yake anamsubiri." Njia nzima ya kurudi kiti cha nyuma kilikuwa kimya.

Kwa hiyo, Mama, mwondoeni mtoto jina la Tomasi siku hii hii. Kila mlipomwita hivyo, mlikuwa mnamtoa yule kijana chini ya kifusi, anakuja na vumbi lake kifuani, anakuta nyumba ya watu asiowajua. Mwiteni Idrisi. Na umwite wewe, si Salome, kwa kuwa wewe ndiye uliyelifungia nje jina hilo.

Nisalimie dada Salome na shemeji. Nisalimie baba mdogo mpiga kengele wa kanisa, mwambie huku kengele za saa hizi ni fisi tu. Shangazi muuza togwa mwambie kiu yangu iko pale pale. Megan anakusalimu, ameomba picha yako.

Lakini kabla hujamnyanyua mtoto, pitia kwanza kaburini kwa Bibi. Mwambie tumeshajua alikuwa anamwita nani. Halafu kaa hapo, Mama, umlilie.

Mwanao,
Yohana