Natafuta Kitanda Ulichofia

Mpendwa Papa Riziki,

Mji mzima unajua kwamba nikishika kalamu kuna mtu ataumia. Nimeandika barua za wazi juu ya minerval, karo za shule, juu ya vizuizi vya barabarani, juu ya wajane wanaotolewa nje ya nyumba zao wakiwa wamebeba masufuria kichwani. Wewe ulizisoma zote kabla ya mtu mwingine, umekaa ukingoni mwa kitanda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Ulikuwa ukisema, "Punguza moto hapa, Mama, utatuunguzia nyumba." Sikupunguza hata mara moja. Niliowaandikia walikuwa hai na hawakunijibu. Wewe angalau una sababu.

Leo nakuandikia wewe, mbele ya watu wote, kwa kuwa sijui njia nyingine ya kuandika, na kwa kuwa sina tena mtu wa kugombana naye.

Nimehama. Ziwa limeingia ndani. Kabla hujaondoka maji yalikuwa yanafika kwenye mpapai nyuma ya choo, ukaniambia yatarudi, yanarudi siku zote. Hayakurudi. Yaliingia jikoni, yakaingia sebuleni, na dagaa wadogo wakapita chini ya meza yako kana kwamba wamekuja kukupa pole. Kabati lilivimba, milango ikakataa kufunga, kisha siku moja likafumuka lote kama mkate uliolowa. Fotei zako, vile viti vya mito, zilioza zikiwa zimesimama. Niliandika barua kwa wakubwa, unawajua, nikauliza watu wa kando ya ziwa waende wapi. Mmoja alijibu kwa mdomo, sokoni, akicheka: "Mama, andikia ziwa."

Kwa hiyo nimepanda kilima. Nimepata vyumba viwili vinavyotazama bandari, vyenye mlango wa rangi ya bluu. Niliingia na godoro lililofungwa kamba, sufuria, na sanduku la vitabu ambalo wachukuzi walilalamikia njia nzima. Nikasema kitu kwa sauti, sikumbuki nini, na ukuta ukanirudishia. Hapo nikaelewa kwamba chumba kisicho na vitu hakikubali ubishi. Kinarudia tu.

Unajua, kitanda chetu hakikuchukuliwa na maji. Kilichukuliwa na dada yako Ester.

Sikukuambia hilo, maana ulikuwa umeshalala pale nje chini ya turubai, na wanaume wanakaa kando yako wakiongea juu ya treni. Mimi nilikuwa sebuleni kwenye mkeka na wanawake, kitenge kimenifunika kichwa. Ester alikuja akainama sikioni pangu. "Wifi, ile kitanda itoke. Muntu amekufia mule. Ukilala hapo, usiku atakuita." Nikamwambia, acha aniite. Akadhani ni uchungu unaosema. Nilipoingia chumbani baadaye, zilikuwepo alama za miguu ya kitanda kwenye saruji, nyeupe, na vumbi letu la miaka yote.

Fikiria. Mimi, niliyeandika kwamba mjane asiguswe hata kijiko chake, nimeondolewa kitanda huku nimekaa palepale. Na siwezi hata kumchukia! Hakuiba. Alifanya alivyofanya mama yake na bibi yake, kwa hofu na kwa mapenzi, ili mimi nibaki hai. Alikiuza kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika, akanunua mchele na maharage ya watu wa msiba, na chakula kikapakuliwa. Mimi pia nilipewa sahani. Nilikula kitanda chetu, Papa Riziki. Nilimaliza sahani.

Unakumbuka tulivyokipata? Ndiyo kwanza tumeoana, tunahama kutoka uani kwa mjomba wako. Ulinipeleka kwa hao hao wauzaji. Hukukaa kwenye kiti hata kimoja. Ulikigeuza miguu juu, ukanusa chini yake kutafuta kunguni, ukagonga kwa kidole, na mimi nikaona aibu kama nimeolewa na daktari wa meza. Tulipofika kwenye kitanda, yule muuzaji mzee aliapa: "Hii njo ya muzungu. Alirudi Ulaya." Nikamuuliza muzungu gani. Akasema Mbelgiji. Nikamuuliza wa nyumba ipi, kazi ipi. Akasema, hapana, ni Mgiriki. Jasho lilianza kumtoka, nami nilikuwa karibu kummaliza. Ukanishika kiwiko. "Mwache. Muzungu alirudi kwao. Imekwisha."

Nyumbani ndipo tulipopaona. Ubao wa juu wa kichwani, upande wa kushoto, mti ulikuwa umepauka na kulainika, upana wa kiganja. Uliweka mkono wako hapo ukaenea. "Hapa kuna muntu alishika sana," ulisema. Nikasema basi huyo muzungu hakwenda Ulaya. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Alirudi kwao. Si njo vile?" Na tukalala.

Mimi nilishika pale Riziki alipozaliwa, mvua imekata barabara ya hospitali, wewe umesimama mlangoni hujui ufanye nini na mikono yako. Na wewe ulishika pale mwishoni. Nilikupa mkono wangu. Uliutoa polepole, bila kufungua macho, ukatafuta ubao. Sijamwambia mtu jambo hili: niliuonea wivu ubao. Nilikaa kando yako nikiuonea wivu, na vidole vyako vikawa vyeupe, na mara vikaacha.

Basi ndicho ninachokitaka. Si kitanda. Ni pale pa kushika tu.

Nilishuka barabarani chini ya soko, kwa wauzaji. Wameongezeka. Zamani waliuza vitu vya watu wanaohamishwa kazi. Sasa wanauza vya mashirika yanayofunga biro, ofisi zao, na vya majirani zetu waliokimbia maji. Niliona meza ya Mama Neema, imepakwa rangi mpya hadi pale maji yalipofika. Nilinunua meza nyingine na viti viwili. Niligeuza kila kitu miguu juu, nikanusa. Mmoja wa wauzaji, nitamwita Papa Sumaili, aliniangalia kwa heshima akaniletea vitanda.

"Mama, ona hii. Ya muzungu wa shirika. Hakulalia hata sana, alikuwa na hamu ya kwao."

"Sitaki ya muzungu," nikasema. "Nataka ile muntu alikufia."

Alitazama kushoto, akatazama kulia. "Unasema nini, Mama?"

"Kitanda ambacho mtu amekufia. Unacho?"

"Hapana! Humu kwangu hakuna hata kuku amekufa!"

Jirani yake, aliyekuwa akipiga misumari kwenye fotei, alipaza sauti: "Sumaili, leo umepata mteja wa makaburi!" Wote wakacheka. Papa Sumaili akaninong'oneza akiwa amekunja uso: "Mama, nakuomba, teremsha sauti. Pale kuna bibi arusi anachagua matela ya kulalia. Utamukimbiza."

Nikaenda kwa wa pili. Akaapa. Nikaenda kwa wa tatu, akaapa kwa watoto wake. Barabara nzima, vitanda vimeegemezwa ukutani kama wagonjwa waliosimamishwa kwa nguvu, na hakuna hata kimoja kilichoonja kifo. Katika mji huu! Tumezika kwa kipindupindu, tumezika kwa vita, tumezika kwa ziwa, kila familia ina turubai lake na mahali pake pa kulifunga. Nikasimama katikati ya barabara nikawauliza: basi sisi tunafia wapi? Tunakufa wima? Yule wa misumari akasema taratibu, "Mama huyu ana maumivu," na huruma yake iliniuma kuliko kicheko.

Nilirudi tena na tena. Wakawa wakiniona mbali wanaambiana, "Mama wa Maiti anakuja," na mmoja anajificha nyuma ya kabati, kabati refu, miguu yake inaonekana. Niliwaeleza wote juu ya ubao. Hatimaye Papa Sumaili alinivuta pembeni. Alikuwa amechoka nami.

"Yenye alama ya mukono? Kushoto?"

Niliegemea kabati lililokuwa karibu. Akanisogezea kiti, kiti chake mwenyewe cha kuuza.

"Niliiuza, Mama. Kwa kijana mmoja wa moto, anabeba watu kwa pikipiki, na muke wake, nyuma ya stesheni. Lakini nakuomba, usiseme kitu. Niliwaambia..."

"Ya muzungu."

"Ya muzungu," akakubali, akitazama chini.

Nilikwenda. Njiani nilikuwa natunga. Ningemnunulia yule binti kitanda kingine, kizuri zaidi, na wangenibadilishia. Na kama wangekataa, nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, nao wenyewe wangekibeba hadi barabarani, mbio, wasiniombe chochote. Nimeishi kwa sentensi. Nilijua hii ingefanya kazi.

Alinifungulia msichana mwenye uso wa uchovu, kitenge kimefungwa chini ya kwapa. Sikumwambia mimi ni nani; nilisema natafuta nyumba ya kupanga, akanikaribisha hata hivyo. "Kaa hapa tu, Mama, kiti bado hatujapata." Nikakaa kwenye kitanda chetu. Kililia sauti ileile, upande uleule. Chumba kizima kilikuwa kitanda. Na chini, sakafuni, juu ya khanga iliyokunjwa kwenye saruji, alilala mtoto mchanga.

"Mbona yuko chini?"

"Mama mukwe wangu," akasema. "Anakataa mutoto alale huku juu." Aliinuka kunipa maji, na alipoinuka aliweka mkono pale. Bila kutazama, kama mtu anavyoshika kitu chake. Aliona namkodolea macho. "Hapa njo nilishika wakati huyu anakuja. Moto ya papa yake ilikuwa imekufa, hatukufika hospitali. Lakini mama mukwe akaona hii alama, akasema, hapa kuna muntu alikufa. Muuzaji alituapia njo ya muzungu." Akanitazama sawasawa. "Mama, unaonekana umesoma. Inaweza kuwa kweli?"

Mtoto alikohoa pale kwenye saruji. Kikohozi kidogo, kikavu.

Papa Riziki, mimi sijawahi kuacha uongo upite mbele yangu. Uliniita kizuizi cha barabarani. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, na kitanda chini yangu, na mkono wake juu ya mkono wako.

"Njo ya muzungu," nikasema. "Nilimujua. Alirudi kwao."

Uso wake wote ukalegea. "Alikuwa muzuri?"

"Sana."

"Hatarudi kuuliza kitanda yake?"

"Hapana," nikasema. "Hatarudi."

Akainama, akamwokota mtoto, akamlaza palepale nilipoinuka.

Usinisifu. Najua ungenisifu, kwa hiyo nakukataza. Nilitoka pale nikiwa na hasira ya kuvunja ukuta, na kila siku tangu hapo nataka kurudi kuwaambia kweli. Ndiyo sababu nimeandika barua hii jinsi nilivyoiandika: alama haiko kushoto, nyumba haiko nyuma ya stesheni, na Papa Sumaili si jina la mtu yeyote pale chini ya soko. Nimedanganya hata hapa. Kila aliyenunua kitanda mjini humu anaweza kugeuka sasa hivi akautazama ubao wake. Autazame. Kisha amlaze mtoto.

Mimi nalala sakafuni. Nina meza isiyo na kunguni na viti viwili, kimoja hakina mtu. Wauzaji wananiita niende kuona vitanda vipya, sasa hawanikimbii tena, na mimi siwezi. Nikinyoosha mkono juu ya kichwa, kuna ukuta, na ukuta ni laini kila mahali, hauna pa kushika.

Ester aliapa kwamba ungeniita. Aliogopa sana, alikiondoa kitanda haraka, kwa sababu alijua kabisa ungeniita. Nimekusubiri. Huniiti. Si kwamba nataka kukufuata. Bado kuna watu wengi sijawaandikia. Nataka tu kusikia jina langu kwa sauti yako, hata ukinigombeza, hata ukiniambia nipunguze moto.

Kisha nikafikiri kwamba labda umeita. Labda unaenda kule chini, kwenye nyumba ya zamani, unasimama mlangoni hujui ufanye nini na mikono yako, na kule ni maji tu. Usiende kule tena. Tulihama. Panda kilima, acha kanisa mkono wa kulia, tafuta mlango wa bluu unaotazama bandari. Sijaufunga kwa ndani.

Mkeo,
Mama Riziki