Ndege Iliyojificha Upande wa Nyangwe

Jumamosi, 30 Agosti 1958

Nimefua. Nimekunja. Nimefua soksi tena. Jumatatu napanda ndege kwenda Bukavu kusomea ualimu. Baba ameshatangazia nusu ya Kasongo. Ndege siiogopi. Naogopa kusalimiwa na watu wengi kwa pamoja.

Jumatatu, 1 Septemba

Niko Kasongo bado.

Uwanjani walikuja wote, na ngoma. Kwetu anayesindikiza haondoki mpaka msafiri apotee machoni. Ukigeuka mapema, umemfukuza. Baba mbele kabisa, anapunga kofia.

Tukaruka. Mara ndege ikawa nzito, inatetemeka, haipandi. Rubani, Mbelgiji kijana, akatupigia kelele kwa Kifaransa. Mimi peke yangu nilielewa. Nikanyamaza. Haya zangu hizi!

Mama Zuhura, mchuuzi, alikaa kando yangu na kuku wake wawili. Akanipiga kiwiko.

“Weye mutoto wa masomo, anasema nini? Ao tutakufa na adabu yako?”

Nikasimama, nikasema. Vile vibao vya nyuma ya mabawa, vinavyoshushwa wakati wa kuruka, vimekwama, havirudi. Milima hatuivuki. Tunarudi Kasongo. Mafuta yamejaa, ndege ni nzito, tutatua kwa kasi. Mufunge mikaba ya viti.

“Na kuku?”

“Na kuku, mama.”

Walicheka. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Nimeipenda.

Lakini uwanja ulijaa watu, na tulihitaji uwanja wote. Rubani akapita chini mara mbili awafukuze. Wakapiga vigelegele! Wakacheza! Alitukana matusi ambayo masista wa shule hawakutufundisha. Nikaenda mbele nikishika viti, nikamweleza desturi yetu: wakituona, hawaondoki. Tupotee kwanza.

Alinitazama. Kisha akageuza ndege upande wa Nyangwe. Tukazunguka juu ya Lualaba, chini chini, mpaka mafuta yakapungua. Mama Zuhura alisali, akasinzia.

Tuliporudi, nyasi tupu. Tukatua kwa kishindo. Tukasimama pembeni mwa shamba la mihogo. Wote wazima. Kuku pia.

Jumanne, 2 Septemba

Fundi amefika, anagonga mabawa tangu asubuhi. Mama hataki niende tena. Nimemwambia nitakwenda. Kwa sauti. Ameniangalia kama mgeni.

Baba nimemweleza kwa nini tulijificha. Akasema tu: “Kumbe sisi ndio tulikuzuia kutua.” Nikasema hapana. Lakini ni kweli.

Alhamisi, 4 Septemba

Bukavu. Baridi. Kitanda kiko karibu na dirisha, na wasichana wanaongea sana. Nimewajibu wawili.

Vibao vilirudi vizuri leo. Nilivitazama mpaka mwisho.

Asubuhi Baba alikuja uwanjani peke yake. Wengine aliwaagiza wabaki nyumbani. Injini ilipowaka, akavaa kofia, akageuka, akaenda zake kwa njia ya mihogo. Hakutazama nyuma hata mara moja. Uwanja ukabaki mtupu.

Mimi ndiye niliyemtazama, dirishani, mpaka kofia yake ikapotea.