Klabu Imeshuka Daraja, na Bawaba Anataka Kuondoka

Mpendwa mshauri,

Jumamosi ya mwisho ya msimu uliopita, dakika ya themanini na nane, tulipoteza nafasi yetu katika ligi kuu, nafasi tuliyoishika kwa miaka ishirini na sita, na tangu siku hiyo hakuna anayenitazama usoni bila kutaka kitu kwangu, kwa hiyo nakuandikia wewe usiyenijua, nisaidie.

Klabu yetu mashabiki wanaiita Matofali. Ilianzishwa na mafundi ujenzi, baba yangu akiwa mmoja wao, waliokuwa wakipiga mpira saa ya mapumziko, na jukwaa letu walilijenga wenyewe kwa matofali yaliyobaki kila walikomaliza nyumba, ndiyo maana hadi leo huoni mistari miwili inayolingana, na fundi mgeni akipita lazima acheke. Mimi sikurithi kitu. Nilianza kwa kuuza misumari ya kupima kwa kopo, leo nina duka la vifaa vya ujenzi lenye milango mitatu, na nilichojifunza humo ni kwamba hesabu haimwonei mtu haya.

Sasa tuna sheria moja ambayo sijaiona kwa wengine. Mchezaji akitoka mbali hapangiwi chumba, anapewa nyumba ya mwanachama, na huyo mwanachama anaitwa mlezi wake, anamlisha, anamuuguza, anamkemea, na siku klabu nyingine ikimtaka, mlezi ndiye anayesimama naye mbele ya kikao, anamshika bega na kusema "nimemwachia", na asipolisema neno hilo mwenyekiti hasaini kitu. Waasisi waliiweka ili klabu kubwa zisituibie vijana. Mume wangu mwenyewe aliletwa nyumbani kwa baba kwa utaratibu huo, alikuwa golikipa, wakimwita Feni kwa jinsi mikono yake ilivyozunguka golini, na mwaka tuliomaliza wa tatu, ambao hatujapata mwingine kama huo, klabu kubwa ikamtaka, baba akakataa katakata, Feni akabaki, na kabla mwaka haujaisha akaniposa, kwa hiyo mimi sheria hiyo siwezi kuisema vibaya. Msimu uliofuata tukawa wa tisa, kisha wa kumi na moja, kisha wa kumi na tatu. Zamani tulikuwa tunapokea vijana wageni watano, sita kila msimu, sasa akija mmoja tunapiga vigelegele, na msimu mwingine hata huyo mmoja haji, maana vijana wa siku hizi wanapenda raha, hawataki klabu ya jasho.

Bawaba ndiye huyo mmoja aliyekuja. Jina nilimpa mimi dukani, kwa jinsi anavyogeuka na beki mgongoni. Alikuja na miaka kumi na saba, sasa ana ishirini na mitatu, analala chumba cha nyuma ya duka, goti lake nimelikanda kwa mikono hii, na ananiita Mama. Msimu uliopita tulifunga mabao thelathini na moja, kumi na saba ni yake. Toa. Yanabaki kumi na manne kwa mechi thelathini na nne, na hapo sijahesabu pasi alizowapa wenzake wakabaki na kazi ya kugusa tu. Sasa kuna klabu ya ligi kuu inamtaka, na kikao chetu ni Alhamisi.

Mwenyekiti ni kaka yangu mkubwa. Alikuja dukani akakaa juu ya mfuko wa saruji kama mtu aliyekuja msibani.

"Mdogo wangu, ukimwachia huyo, mwakani tutacheza na timu za shule."

"Na nikimkatalia, kaka?"

"Atanuna wiki mbili, halafu atafunga mabao. Kwani Feni alinuna?"

"Si umuulize Feni mwenyewe."

"Feni ana mke, ana nyumba, na sasa ni kocha wetu. Anunie nini?"

Na huyo kocha, mume wangu, nilipomuuliza alisema, "Mimi kazi yangu ni mazoezi. Mlezi ni wewe." Basi. Siku Bawaba alipotueleza habari hiyo mezani, mume wangu aliacha chakula, akatoka kwenda kujaza upepo mipira ambayo ilikuwa imejaa, mpaka mmoja ukapasuka. Dukani nako sina raha. Juzi mteja kaniambia, "Mama Bawaba, nipe misumari ya inchi tatu, ya kupigilia jeneza la klabu." Nikampa ya inchi nne, nikamwambia hiyo ndiyo itakayotosha kufunga mdomo wako. Watu wakacheka, mimi nikaingia stoo nikakaa huko, sikucheka.

Kijana mwenyewe amesema, "Mama, ukisema nikae nakaa, na sitakununia. Ukisema niende naenda. Ila usiniambie tutaona. Hiyo tutaona imewazeesha wengi hapa."

Mshauri, uchungu wangu ni huu, kamati nzima imekaa miaka yote ikiipeleka klabu shimoni kwa kura zake, hakuna aliyeniuliza, leo ndiyo wamegundua kwamba Matofali ikifa nitakuwa nimeiua mimi. Nikimwachia, jukwaa alilojenga baba litaota majani. Nikimzuia, nitamtazamaje mtoto huyo asubuhi akija kuomba chai?

Sitaki kuambiwa nivute subira. Gazeti lenu linatoka Jumanne. Nijibu Jumanne hiyo, nimwachie au nisimwachie, maana Alhamisi saa kumi jioni nitakuwa nimesimama mbele ya watu.

Mlezi, mwenye duka

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa duka, mwachie.

Hilo ndilo neno ulilolitaka. Sasa kaa usikilize na yale ambayo hukuyaomba.

Pole, kwanza. Wamekutwisha mzigo wa watu wazima kumi na kisha wanasimama pembeni kuona kama utayumba. Hiyo ni dhuluma, na una haki ya kukasirika. Lakini dada yangu, mtu anayejisifia hesabu kama wewe, imekuwaje safu moja ukairuka? Umeandika kwa mkono wako kwamba vijana walikuwa wanakuja watano, sita. Kisha golikipa wenu bora akazuiwa. Kisha vijana wakaacha kuja. Hapo hapo ukasingizia raha! Hakuna kijana mwenye akili anayeingia nyumba ambayo amesikia haina mlango wa kutokea. Waliambiana wenyewe kwa wenyewe, huko viwanjani kwao, kwamba Matofali ukiingia ndiyo umezikwa. Wewe unadhani Bawaba akiondoka ndiyo mwisho wa klabu. Klabu ilianza kushuka siku ile baba yako, Mungu amrehemu kama ametangulia, alipodhani anaiokoa. Kushuka daraja kumechelewa tu kufika.

Na hukuiona kwa sababu sheria hiyo ilikupa mume. Ningekuwa wewe, huenda na mimi nisingeiona.

Fanya hivi. Kesho Jumatano nenda kwa kaka yako, nyumbani kwake, umwambie utakachosema, asije akakisikia mbele za watu. Atapiga kelele. Mwache amalize chai yake, kisha mpe kazi: hiyo klabu kubwa ina vijana wanaosugua benchi, basi kabla hajasaini aombe wawili waje kwenu kwa mkopo wa msimu mzima. Mmoja alale chumba cha nyuma ya duka kabla godoro halijapoa. Alhamisi ukishamshika Bawaba bega na kusema neno lako, usikae. Endelea kusimama, upendekeze kwamba kuanzia sasa mchezaji akitimiza misimu mitatu, mlezi amsindikize tu, asiulizwe. Ulezi ubaki, maana ni kitu kizuri na wenzenu hawana. Kizuizi ndicho kiondoke. Wakikupigia kelele, wasomee namba zako, lakini safari hii uzisome zote.

Habari zitasambaa. Vijana watasikia kwamba Matofali wanakulisha, wanakukanda goti, wanakuchekea na kukukemea kama mama yako, na siku yako ikifika wanakushika bega. Nionyeshe klabu ya daraja la pili inayoweza kuahidi hivyo. Mwaka wa kwanza mtafungwa, usijidanganye. Wa pili mtahesabu tena.

Bado mume wako. Mwanamume hajazi mpira uliojaa mpaka ukapasuka kwa sababu ya mazoezi. Amekaa na jambo hili muda wote wa ndoa yenu, na hawezi kulisema, kwa kuwa akisema alitaka kwenda, utasikia kwamba hakukutaka wewe. Mwondolee woga huo. Leo, mkishafunga duka, muulize hivi: "Baba aliposema hapana, wewe ulitaka kwenda?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu, usimletee chai, usianze kupanga mifuko. Akisema ndiyo, ujue alitaka vyote viwili, kwenda na kukuoa, na mlimpa kimoja. Hilo si kosa lako, ila mtoto wa pili asifanyiwe hivyo hivyo chini ya paa lako.

Nawe Feni, najua mkeo atakuwekea gazeti hili mezani. Kocha usiye na la kusema kuhusu mshambuliaji wako ni kocha gani? Ulitaka kwenda, au hukutaka? Mjibu mkeo wazi, kabla ya Alhamisi saa kumi jioni.