Mkwe wangu na kifaa cha mguuni

Sosthenes, sina pasipoti, sina baiskeli, sina hata magoti ya kukimbia. Leo nimeandikwa mtoro! Mimi!

Kile kifaa nilichovishwa mguuni badala ya jela, kwa kukata mparachichi wa jirani, kilionyesha nimeacha njia niliyoruhusiwa kupita.

Afisa anayekifuatilia akapiga simu: "Mzee, mbona umejificha migombani?"

"Mkwe wangu Tumpe anapita! Kwetu Wanyakyusa baba mkwe hakutani na mke wa mwanawe."

"Anapita mara ngapi kwa siku?"

Mara ngapi! Ameuliza mara ngapi!

"Basi na yeye tumvishe kifaa, tujue kila anapopita, tusikuhesabu mtoro. La sivyo utaingia jela."

Nimemwandikia hakimu kwamba Tumpe hajakata mti wa mtu, nyendo zake zisichunguzwe; ikibidi, nifungwe mimi. Bahasha nimeifunga kwa gundi, imeshapelekwa mahakamani.