Nafasi ya Kujibu

Litembo, 7 Aprili 2024

Kaka Urbani,

Shikamoo. Habari za Dar es Salaam, na kazi ya chuo inaendeleaje? Sisi huku hatujambo, isipokuwa Baba. Simu hupokei, kwa hiyo nakuandikia ujumbe mrefu uusome ukipata nafasi. Maandishi hayakatikikatiki.

Baba ameruhusiwa kutoka hospitali. Kiharusi kimemwachia mguu wa kuburuta na ulimi mzito. Anatutambua wote, lakini maneno yamemkimbia. Juzi alitaka maji, akaonyesha dirishani. Nikafungua dirisha, akalia. Baba huyu huyu, aliyekuwa akisoma somo kanisani hadi waliokaa nje wanasikia, analia kwa kukosa neno la maji.

Sista Avelina anayemfanyisha mazoezi anasema maneno yanaweza kurudi, ila apate mtu wa kukaa naye kila siku na kuzungumza naye polepole, kwa Kimatengo, lugha aliyoanza nayo. Mimi nina shamba, nina kuni, nina kumwogesha. Njoo, hata mwezi mmoja. Mwalimu wa lugha katika nyumba hii ni wewe.

Mdogo wako,
Gertruda

Dar es Salaam, 2 Mei 2024

Mdogo wangu Gertruda,

Marahaba. Pole sana, na Baba mpe pole. Mimi mzima, uchovu tu.

Usidhani nimewatupa. Wenzangu wawili wa Kifaransa wameondoka na hakuna aliyeajiriwa badala yao. Chuo kimeamua masomo yote ya lugha za kigeni yaingie kwenye kompyuta: picha, sauti, video. Nashinda ndani ya stoo iliyoegemezwa magodoro ukutani ili sauti isirudi, najirekodi. Mwanafunzi anavaa visikilizi masikioni, anaona picha ya mkate, anaona mdomo wangu ukitamka, halafu namwachia nafasi ya kimya ajibu. Nafasi ikiisha nasema, "Vizuri sana. Sema tena." Ndiyo kazi yangu siku hizi, kuwasifu watu nisiowaona. Mkataba wangu unaisha mwaka huu, na mkuu wa idara ametuambia waziwazi kwamba atakayeondoka sasa asitegemee kukuta kiti chake.

Lakini nimepata njia. Nimemtengenezea Baba masomo ya namna hiyo hiyo, kwa Kimatengo: maji, jembe, moto, kahawa. Shuka Mbinga mjini uyapakue, mtandao wa huko una nguvu. Kisha weka simu mbele yake na ubonyeze. Atafuata mwenyewe.

Kaka yako,
Urbani

Litembo, 16 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Habari za uchovu wako? Huku baridi imekaza, tunashindana na majivu kukaa jikoni.

Yamekubali! Baba amesema maji. Amesema moto. Jana alisema jina langu, nusu yake, nikakaa chini pale pale na ndoo mkononi. Majirani wanakuja kumtazama mzee anayefundishwa na simu. Mzee Tobias anasema Kimatengo chako sasa ni kama cha padri mgeni, ila anakusamehe kwa sababu umevaa tai.

Baba hataki masihara na somo. Asubuhi akishakunywa uji ananionyesha meza, niweke simu. Kahawa imeiva, tunachuma. Namwacha na wewe, naenda shambani. Nikuambie ukweli, sasa napumua. Tuma mengine.

Mdogo wako,
Gertruda

Dar es Salaam, 25 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, na samahani kwa ukimya wa muda wote huu. Hamjambo? Kahawa imetoka vizuri? Mimi siumwi, lakini sauti imekwisha. Nikifika nyumbani sitaki kusema na mtu.

Mkuu wa idara amesikia habari za Baba, amefurahi sana. Anataka tuzionyeshe kwenye semina ya walimu, watu waone teknolojia hii inafika hadi wapi. Nirekodie Baba akiwa kwenye somo, dakika chache tu. Nakutumia masomo mapya, sasa ni sentensi nzima. Nafasi ya kujibu nimeirefusha, maana yeye ni mzito. Mambo yakiruhusu nitakuja Krismasi.

Kaka yako,
Urbani

Litembo, 8 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Natumaini sauti imerudi. Sisi tunaendelea.

Sijakurekodia, na sitakurekodia. Nilisimama nyuma ya mlango nikiwa na simu ya Mzee Tobias, tayari kumchukua, ndipo nikasikia. Tangu ulipoirefusha ile nafasi, Baba harudii sentensi zako. Anazungumza nawe. Wewe ulisema mvua inanyesha, ukanyamaza. Yeye akakuambia mguu unamuuma usiku. Ukasema, "Vizuri sana. Sema tena." Akasema tena. Ukaenda kwenye sentensi ya pili, ukanyamaza. Akasema, "Urbani, nimechoka. Njoo nikuone." Ukamwambia, "Vizuri sana. Sema tena." Kaka, alisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na uso umechangamka kwa kusifiwa.

Niliingia nikazima. Alinifokea bila kukwama hata neno moja, kwamba nisimkatishe mtoto anapozungumza na baba yake.

Sijui kama anaelewa kwamba humsikii. Mimi sina ubavu wa kumwambia. Sikulaumu, maana nami nimeegemea simu hiyo msimu mzima. Nimechoka tu, Kaka. Nimechoka hadi natamani kuugua ili nilale.

Mdogo wako,
Gertruda

Dar es Salaam, 10 Septemba 2024

Mdogo wangu Gertruda,

Marahaba. Sina cha kuuliza habari, habari umenipa.

Ujumbe wako niliusomea stoo, kipaza sauti kikiwa kimewashwa. Nikashindwa kurekodi. Kompyuta za maabara ya lugha huhifadhi majibu ya wanafunzi, lakini hakuna anayeyasikiliza. Nani ana muda? Leo nimeyafungua. Wengi wanarudia nilichosema. Wengine ni kikohozi na viti. Binti mmoja, Serafina, mahali alipotakiwa kuomba mkate kwa Kifaransa, amesema kwa Kiswahili, "Mwalimu, tangu somo la pili sielewi kitu. Nimwambie nani?" Na mimi nikamjibu, kwa tabasamu langu lile, "Vizuri sana. Sema tena." Nimemuulizia. Ameacha kozi tangu Julai.

Nimeomba ruhusa, nimenyimwa. Nakuja hivyo hivyo. Kiti wampe anayekitaka. Ijumaa nitakuwa Mbinga, nitachukua bodaboda hadi nyumbani. Nikishafika, wewe ondoka. Nenda Lituhi kwa Shangazi Lidia, ukae ziwani, ule samaki, usiamshwe na mtu.

Kaka yako,
Urbani

Litembo, 29 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Habari za ziwani? Msalimie Shangazi na wote wa hapo. Huku tu wazima, na kahawa iliyobaki inakauka vizuri. Uji wangu unaungua, lakini tunakula.

Kuna jambo hukuliona, maana siku niliyofika nyumba ilijaa watu, na wewe ukaondoka kesho yake. Tulipobaki wawili nilimwambia, "Baba, umeamkaje?" Akanitazama mdomo, akasema, "Baba, umeamkaje?" Nikasema, "Ni mimi, Urbani." Akasema, "Ni mimi, Urbani." Kila nilichosema alikirudia kwa adabu yote, kama kwenye masomo ya mwanzo, halafu anasubiri. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, Gertruda, sikufichi. Nilikuwa nimemfundisha vizuri mno.

Ikaenda hivyo siku kadhaa. Jana nikaacha kusema. Nilikaa naye kibarazani tukichambua kahawa, mimi kimya, yeye kimya, hadi jua likahama upande. Ndipo akaanza. Alizungumza habari za mguu, za majani yaliyoota kwenye kaburi la Mama, za wewe kwamba unafanya kazi kama punda na huli. Polepole, akikwama na kutafuta, nami sikumsaidia neno. Alipomaliza akanitazama tena mdomo. Nilijua anachosubiri, na kilikuwa tayari ulimini mwangu. Nikakimeza.

Nikamwambia, "Baba, nimekuja."

Hakurudia. Alisema, "Umechelewa."

Kisha akanisogezea ungo, tukaendelea kuchambua. Wewe pumzika huko mpaka utosheke.

Kaka yako,
Urbani