Doa Jeusi Katikati ya Barabara

Nyumbani kwa wazazi,
chumba cha mbele.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu, Bosi wa nyumba hii hata ukiwa mbali,

Habari za huko? U mzima? Wifi yangu je, kile kikohozi kimeisha? Na mtoto ameshaanza kutembea, au bado anataka kubebwa tu? Sisi tunapumua. Mama miguu inamuuma kama kawaida, lakini mdomo haujambo, anatugombeza kuanzia asubuhi. Mimi na kibanda changu cha kutengeneza kompyuta tunasukuma siku. Habari za Baba ndizo zilizonikalisha chini kuandika, maana tukiongea kwa simu yeye hukaa karibu akasikiliza kila neno.

Kwanza ahsante kwa zawadi. Ule usukani na gemu la malori vilipofika, Mzee alishindwa kula. Dereva wa masafa marefu miaka yote ile, halafu amekaa tu nyumbani tangu aseme mgongo umechoka. Ulimfurahisha mno. Lakini na wewe, Bosi, una mambo! Gemu jipya kabisa unalituma kwenye kompyuta kuukuu ile ile uliyosomea sekondari? Mfumo wake ni wa zamani, na ukisema uuweke mpya, mashine inakata roho.

Basi likafunguka, lakini vituko vitupu. Mbingu rangi ya waridi, miti inawaka na kuzima, barabarani madoa meusi yamejaa. Mama akauliza kama huko kwenye gemu moto umeunguza lami. Tulicheka mpaka basi. Baba akaniita, akanyoosha kidole katikati ya barabara, akaniuliza, "Na wewe unaliona hilo doa?" Nikamwambia, "Naliona, Baba, nani asiyeliona?" Akacheka kwa sauti, akanipiga begani, akaagiza chai. Sikuelewa furaha ile imetoka wapi.

Mimi unanijua, mashine hainishindi hivi hivi. Nilibadilisha waya, nikaleta skrini nyingine kutoka kibandani, wapi! Tatizo lilikuwa ile programu inayoendesha kadi ya picha. Waliotengeneza kadi wameshaacha kutoa mpya kwa mifumo ya zamani. Nikafuta yote iliyokuwepo, nikatafuta ile ya mwisho waliyotoa kwa mfumo wetu, nikaiweka. Kisha ndani ya gemu nikazima vivuli na kupunguza ubora wa picha. Kuwasha tena, lo! Mbingu bluu, miti imetulia, lami safi, hata mstari mweupe wa katikati unauona. Mama akapiga makofi.

Baba akashika usukani, akaendesha kidogo, akagonga lori lililosimama mbele yake wazi kabisa. Akarudia, akagonga tena. Akasema doa bado lipo, katikati, pale pale. Nikamwambia halipo, Baba. Akamgeukia Mama. Mama naye akasema, "Halipo, mwenzangu." Ndipo akaachia usukani, akaweka mikono mapajani kama mgeni. Halafu akaniambia kwa upole, "Mwanangu, lirudishe gemu lilivyokuwa."

Bosi, nilikwenda jikoni nikalia. Kumbe doa lile, kama alivyokuja kukiri mwenyewe, amekuwa nalo siku nyingi, kwenye barabara za kweli. Mgongo wake hauna ubaya wowote. Aliacha lori kwa sababu ya macho, akiogopa asije akagonga watu, na akaona aibu kutuambia. Gemu lilipoharibika alidhani amepata wenzake wa kuliona. Mimi nikalitengeneza, nikamwacha peke yake.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Ugonjwa umemla katikati, macho yote mawili, pembeni bado anaona. Kilichokwenda hakirudi, miwani haisaidii, na kilichobaki kinazidi kupungua. Siku hizi akitaka kuniona vizuri ananitazama sikio. Inauma, mdogo wangu, sikufichi.

Kwa hiyo huo mwaka kesho wako unaotuimbia kila mwaka, uache. Omba ruhusa kazini, fanya ufanyavyo, uje na mtoto. Baba hajamwona mjukuu wake ila kwenye simu, na kwenye simu anaona nywele na mabega, uso haupo. Juzi ulipomwonyesha akasema mtoto amefanana na Mama. Hakumwona, Bosi. Alisema tu ili ufurahi. Ukifika usisimame mbele yake. Kaa ubavuni kwake, mtoto umpakate, yeye mwenyewe atajua namna ya kugeuza kichwa.

Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri. Mjomba seremala naye kila akipita anakuulizia. Msalimie wifi, na mtoto mwambie shangazi yake anamngoja ambebe mpaka achoke mwenyewe. Mungu awatunze na awafungulie njia ya kuja.

Baba amekaa hapa kando yangu, anasubiri nimsomee salamu zake kama alivyonituma niziandike. Basi ni hizi: gemu limepona, lori linakwenda vizuri, na barabara anaiona yote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,

Dada